Serbia: Nchi ambayo kuta zake zina mengi ya kusimulia

Wahenga walinena kuwa tembea uone, na wakaongeza kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini je, msomaji mpenzi, umewahi kuingia katika mji usioujua, ukalitazama jengo kuukuu lililosimama kando ya barabara, kisha ukajiuliza: hivi jengo hili limeshuhudia mangapi?

Leo ningependa tufunge safari, wewe na mimi, hadi Serbia. Hii ni nchi isiyo na bahari iliyoko kusini mashariki mwa Ulaya, katika eneo liitwalo Balkani. Zamani ilikuwa sehemu ya Yugoslavia, ile nchi ya Tito ambayo wazazi wetu waliisikia sana redioni kabla haijasambaratika katika miaka ya tisini.

Huenda ukauliza, mbona Serbia na si Paris au London? Jibu ni hili. Katika miji hiyo mikubwa mgeni huonyeshwa majengo yaliyobahatika kubaki. Nchini Serbia utaonyeshwa pia yale yaliyobomolewa. Utajionea jinsi watu wanavyoamua, kila baada ya janga, ni kipi kijengwe upya, kipi kiachwe gofu, na kipi kifutwe kabisa. Huo si uamuzi mdogo, kama tutakavyoona kabla ya safari hii kumalizika.

Mji mweupe

Tunaanzia Belgrade, mji mkuu. Wenyeji huuita Beograd, maana yake mji mweupe. Mji huu umejengwa mahali ambapo mto Sava unaungana na mto Danube, na aliyepashika hapo ndiye aliyekuwa na ufunguo wa njia ya maji na ya nchi kavu pia. Warumi walikaa hapo wakapaita Singidunum. Waturuki wa milki ya Othmania waliuteka mji mwaka 1521. Waaustria nao waliwanyang'anya zaidi ya mara moja, kisha wakanyang'anywa. Wenyeji hupenda kusema kuwa mji wao umepiganiwa katika vita zaidi ya 100 na kubomolewa mara 44.

Anza matembezi yako katika ngome ya Kalemegdan, iliyo juu ya kilima penye makutano ya mito. Jina hilo ni la Kituruki: kale ni ngome, na meydan ni uwanja. Hilo neno la pili si geni kwako, kwani ndilo "medani" yetu, nasi tulilipata kutoka kwa Waarabu. Waserbia nao walichukua maneno mengi ya aina hiyo kupitia Waturuki. Usishangae basi ukisikia mtu akiita duka dućan, au akiuliza saa kwa kutaja sat.

Ndani ya ngome utaona vijana wakibarizi, wazee wakicheza sataranji, na familia zikilishana bisi chini ya miti. Karibu na ukingo wa kilima limesimama sanamu la mwanamume aliye uchi, upanga mkononi na ndege mkononi. Ni kazi ya mchongaji Ivan Meštrović. Lilikusudiwa kuwekwa katikati ya mji, lakini baadhi ya wakazi walilalamika kuwa uchi huo ni aibu. Ndipo mwaka 1928 likawekwa huku juu, mbele yake ikiwa ni mito na nyanda za mbali.

Usiondoke kabla ya kuingia katika kanisa dogo la Ružica, ambalo kuta zake za nje zimefunikwa na mimea. Inua macho utazame taa zinazoning'inia. Zimeundwa kwa maganda ya risasi na panga za askari waliopigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Vyombo vya kuua vimegeuzwa kuwa vyombo vya kuangazia sala.

Msikiti mmoja, nyumba ya mama mmoja

Kutoka ngomeni unaweza kwenda kwa miguu hadi msikiti wa Bajrakli. Ulijengwa katika karne ya 16, wakati Belgrade ilikuwa na makumi ya misikiti. Leo huu ndio pekee wa enzi hizo ambao bado watu husali ndani yake. Waaustria walipoushika mji kuanzia mwaka 1717 hadi 1739, waliufanya kanisa la Kikatoliki. Waturuki waliporudi, ukawa msikiti tena. Machi 2004, wakati wa ghasia, kundi la watu liliuchoma moto. Ukakarabatiwa, na hadi leo mwadhini huadhini hapo.

Si mbali na hapo pana nyumba ya Ljubica, mke wa mtawala Miloš Obrenović. Ilijengwa kati ya mwaka 1829 na 1831, wakati Waserbia walipokuwa wamejipatia kiasi fulani cha kujitawala lakini jeshi la Waturuki lilikuwa lingali ngomeni. Ukiitazama nyumba hiyo utaiona hali yenyewe ya nchi wakati ule. Sebule zake zina viti vya mito vilivyozunguka kuta kwa mtindo wa Kituruki, ilhali mapambo mengine ni ya Kizungu. Mwenye nyumba alikuwa na mguu mmoja Mashariki na mwingine Magharibi. Waturuki walikabidhi funguo za ngome mwaka 1867, wakaondoka.

Magofu yasemayo

Sasa twende mtaa wa Kosančićev Venac. Huko kuna uwanja uliozungushiwa ua, na ndani yake hakuna ila misingi na mabaki ya kuta. Hapo palikuwa na Maktaba ya Taifa. Aprili 6, 1941, ndege za Ujerumani ya Hitler ziliangusha mabomu mjini Belgrade na maktaba ikateketea. Vitabu zaidi ya 300,000 viliungua, pamoja na hati za kale zilizoandikwa kwa mkono ambazo hazikuwa na nakala mahali pengine popote. Wewe uliye mwanafunzi, hebu fikiria kumbukumbu za karne nyingi zikigeuka majivu kwa usiku na mchana mmoja.

Waserbia hawakuijenga upya maktaba hiyo pale pale. Walijenga mpya mahali pengine, ikafunguliwa Aprili 6, 1973, tarehe ile ile ya msiba. Magofu ya zamani yakaachwa yawe ukumbusho.

Kando ya maktaba mpya limesimama kanisa la Othodoksi la Mtakatifu Sava, mojawapo ya makubwa zaidi ya madhehebu hayo duniani. Historia yake ni somo la subira. Ujenzi ulianza mwaka 1935. Vita vilipozuka mwaka 1941 kazi ikasimama, na Wajerumani wakaegesha magari yao ya kijeshi humo. Baada ya vita, serikali ya kikomunisti haikuruhusu kazi iendelee hadi miaka ya themanini. Mwaka 1989 mafundi walifanya jambo la ajabu: kuba la tani 4,000, lililokuwa limejengwa chini, lilinyanyuliwa polepole hadi likakaa mahali pake juu ya kuta. Mapambo ya ndani, yaliyotengenezwa kwa vijiwe vidogo vya rangi na dhahabu, yalikamilika mwaka 2020. Aliyeshuhudia jiwe la kwanza likiwekwa akiwa mtoto, angehitaji kufikia umri wa zaidi ya miaka 85 ili aone mwisho wake.

Gofu jingine lilizua ubishi mkubwa zaidi. Katika barabara ya Kneza Miloša yalisimama majengo mawili ya makao makuu ya jeshi, yaliyobuniwa na Nikola Dobrović na kukamilika mwaka 1965. Mwaka 1999, wakati wa vita vya Kosovo, ndege za NATO ziliyapiga mabomu. Mwaka 2005 yakawekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa, pamoja na majeraha yake. Novemba 2024 serikali iliondoa ulinzi huo ili pajengwe hoteli na makazi ya kifahari. Wasanifu majengo wengi na wananchi wakapinga vikali. Kwao, kuta zile zilizopasuka ni sehemu ya historia, na historia haiuzwi kama kiwanja kitupu.

Kabla hatujaondoka Belgrade, pita mbele ya jengo la Bunge. Ujenzi wake ulianza mwaka 1907 na kumalizika mwaka 1936. Hapo ndipo viongozi wa nchi 25 walipokutana Septemba 1961 kuanzisha umoja wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru, lakini majirani zetu walikuwepo: Ethiopia ya Haile Selassie, Sudan, Somalia na hata Congo. Nkrumah wa Ghana na Nasser wa Misri walikuwa miongoni mwa waliohudhuria.

Mnara wa mafuvu

Tukielekea kusini kwa kilomita 240 hivi tutafika Niš. Kama unasoma historia ya Kanisa, basi jina la Konstantino si geni kwako. Kaisari huyo wa Roma, aliyewapa Wakristo uhuru wa kuabudu, alizaliwa katika mji huu karibu mwaka 272.

Lakini kinachowavuta wageni wengi Niš ni jambo la kutisha, na mzazi huna budi kufikiria mara mbili kabla ya kumpeleka mtoto mdogo. Mei 31, 1809, Waserbia walioasi utawala wa Waturuki walizidiwa nguvu katika kilima cha Čegar. Kiongozi wao, Stevan Sinđelić, alipoona adui amekwisha ingia bomani, alifyatua risasi katika ghala la baruti. Mlipuko ukamuua yeye, watu wake na maadui waliokuwa karibu. Kamanda wa Waturuki, Hurshid Pasha, akaamuru mafuvu ya Waserbia yajengewe mnara kando ya barabara kuu, ili kila mpita njia aone matokeo ya uasi.

Mafuvu 952 yalipangwa katika pande nne za mnara huo. Leo yamebaki 58. Mengine yalianguka, mengine yakachukuliwa na jamaa waliotaka kuwazika wapendwa wao. Mshairi Mfaransa Lamartine alipopita hapo mwaka 1833 aliwasihi Waserbia wasiubomoe, ili watoto wao wajue uhuru ulinunuliwa kwa bei gani. Nao hawakuubomoa. Mwaka 1892 waliujengea kanisa dogo la kuufunika usiharibiwe na mvua. Hivyo kilichojengwa kiwe kitisho kikageuzwa kuwa kaburi la heshima.

Mji wa vigae

Sasa tugeuze, tupite Belgrade bila kusimama, twende kaskazini kabisa hadi Subotica, karibu na mpaka wa Hungaria. Hapa utadhani umeingia nchi nyingine. Majengo yana rangi za waridi, kijani na buluu, maua ya vigae yanatambaa ukutani, na madirisha yamepinda kama moyo au jani. Sababu ni kwamba hadi mwaka 1918 eneo hili lilitawaliwa na Hungaria, na mapema katika karne ya 20 mtindo huu ndio uliokuwa ukitamba.

Jengo la baraza la mji, lililojengwa kati ya mwaka 1908 na 1910, lina mnara wa mita 76. Panda juu uone mji wote. Wasanifu wake, Marcell Komor na Dezső Jakab, ndio waliobuni pia sinagogi la Wayahudi lililo karibu, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwanzoni mwa karne hiyo. Walikuwa wameuchora mchoro wake wa awali kwa ajili ya mji wa Szeged, lakini katika shindano la huko aliyeshinda ni msanifu mwingine, Lipót Baumhorn. Wayahudi wa Subotica wakasema basi leteni kwetu. Riziki ya mtu haipotei! Hata hivyo wengi wa Wayahudi hao waliangamizwa katika Vita Vikuu vya Pili. Sinagogi likachakaa kwa miaka mingi, hadi ukarabati ulipokamilika na milango kufunguliwa tena mwaka 2018.

Karibu na stesheni ya treni kuna nyumba ya msanifu Ferenc Raichle, aliyoijenga mwaka 1904 iwe makao na ofisi yake. Ni nyumba nzuri kupindukia. Lakini mwenyewe hakuifaidi sana, kwani mwaka 1908 alifilisika na mali yake ikauzwa. Leo ni jumba la sanaa, na yeyote anaweza kuingia. Mali ya mmoja imekuwa furaha ya wengi.

Paa lililoanguka

Turudi kusini kidogo hadi Novi Sad, mji wa pili kwa ukubwa, na kituo chetu cha mwisho. Ng'ambo ya mto Danube imekaa ngome ya Petrovaradin. Waaustria waliweka jiwe la kwanza mwaka 1692 na kumaliza kazi mwaka 1780. Yaani Waarabu wa Oman walipokuwa wameizingira Fort Jesus pale Mombasa, kati ya mwaka 1696 na 1698, mafundi wa huku walikuwa ndio kwanza wanachimba. Chini ya ngome kuna mahandaki yapatayo kilomita 16. Juu kuna saa ya ajabu: mshale mrefu huonyesha saa, na mfupi huonyesha dakika, ili wavuvi na manahodha walio mbali mtoni waweze kuisoma. Watoto hufurahi sana kujaribu kuisoma.

Ndani ya mji limo sinagogi lililojengwa na yule yule Baumhorn kati ya mwaka 1905 na 1909. Mwaka 1944 Wayahudi wa mji walikusanywa humo kabla ya kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Leo ni ukumbi wa muziki. Mtoni nako, madaraja yote yaliyobomolewa na mabomu ya NATO mwaka 1999 yamerudishiwa mengine.

Lakini jengo linalozungumzwa zaidi Novi Sad si ngome, wala si sinagogi. Ni stesheni ya treni, iliyojengwa mwaka 1964. Ilikarabatiwa kwa miaka mitatu na kufunguliwa tena Julai 2024. Novemba 1, 2024, saa sita kasoro dakika nane mchana, siku isiyo na vita wala tetemeko, paa la zege lililotokeza mbele ya mlango liliporomoka juu ya watu waliokuwa wamekaa na kupita chini yake. Jumla ya watu 16 walipoteza maisha, wakiwemo watoto.

Mzozo ukazuka papo hapo. Je, paa hilo lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokarabatiwa au la? Nani alikagua? Nani alitia sahihi? Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Kila siku ilipofika dakika ile ile ya ajali walisimama kimya, dakika moja kwa kila marehemu. Mwishoni mwa Januari 2025 baadhi yao walitembea kwa miguu kutoka Belgrade hadi Novi Sad, mwendo wa kilomita 80 hivi, huku wanavijiji wakitoka na chai na mkate kuwapokea. Mwezi huo huo waziri mkuu, Miloš Vučević, alijiuzulu.

Hapo ndipo safari yetu yote ilipokuwa ikielekea, msomaji. Tumeona majengo yaliyobomolewa na Waturuki, Waaustria, Wajerumani na NATO. Kwa hayo yote kuna adui wa kunyooshewa kidole. Stesheni ya Novi Sad haikupigwa bomu na mtu. Waliotangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukuta hujengwa tena, na uhai je? Sisi wakaaji wa mijini tunalijua jambo hili vyema.

Wewe je?

Kwa hiyo ukijaliwa kufika Serbia siku moja, tembea kwa miguu na utazame juu. Usidanganywe na mabango, kwani nchi hii hutumia alfabeti mbili, ile ya Kirumi tuliyoizoea na ile ya Kisirili. Beba dinari za kutosha za kahawa, maana wenyeji hawapendi kuinywa kwa haraka. Na usiogope kuuliza; kila mzee ana kisa cha ukuta fulani.

Na kama hutajaliwa kufika huko, bado una kazi ya kufanya hapa nyumbani. Jumapili hii, ukitoka kanisani au matembezini na watoto, simameni mbele ya jengo moja la zamani katika mji wenu. Ulizeni lilijengwa lini, na nani, na kwa nini lingali limesimama. Kisha tazameni kama lina ufa. Mkiuona, msinyamaze.